Olaudah Equiano na Daftari la Wachangiaji: Maisha ya Mwandishi Aliyejichapishia Kitabu

1.0 Utangulizi

Katika kata ya Njoro, mjini Moshi, kama katika mitaa mingine ya mji huo na vijiji vya mteremko wa Kilimanjaro, shughuli kubwa ya familia haianzi kwa fedha. Huanza kwa daftari. Kamati huundwa, mweka hazina huteuliwa, na katika kurasa za daftari huandikwa majina ya ndugu, majirani na wafanyakazi wenzao. Mbele ya kila jina huwekwa ahadi, kisha fedha taslimu iliyokwisha kupokelewa, na mwisho salio linalodaiwa. Harusi, msiba na ada ya mtoto anayekwenda kusoma mbali hugharimiwa kwa njia hii. Ni watu hawa hawa wa Kilimanjaro ambao mwaka 1925 waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa, na mwaka 1933 wakawa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kwa kuamini kwamba mkulima mmoja mmoja hawezi kusimama peke yake mbele ya mnunuzi mwenye mtaji.

Hata hivyo, kitabu ni nadra kuingizwa katika daftari la aina hiyo. Mwandishi wa Kiswahili aghalabu humaliza mswada wake, akaupeleka kwa mchapishaji, akangoja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uchapishaji kwa michango ya wasomaji si jambo geni katika historia ya maandishi ya watu weusi. Mfano unaochunguzwa ni maisha ya Olaudah Equiano, aliyefariki mwaka 1797. Jina lake linajulikana kwa wasomaji wengi wa fasihi ya Afrika, ila namna alivyokigharimia kitabu chake haijapewa uzito unaostahili. Hoja kuu ni kwamba daftari la wachangiaji lilimwezesha mtu aliyewahi kuuzwa kuimiliki hadithi yake mwenyewe. Na kwamba daftari hilo hilo lilimfunga kwa sharti zito, yaani sharti la kuaminika.

2.0 Utoto na Utumwa

Kwa maelezo yake mwenyewe, Equiano alizaliwa yapata mwaka 1745 katika nchi ya Waigbo, ambayo leo imo ndani ya Nijeria. Akiwa na umri wa miaka 11 hivi alitekwa pamoja na dada yake, akapitishwa mkono hata mkono hadi pwani, na kutoka huko akavushwa bahari ya Atlantiki. Baada ya kukaa muda mfupi katika visiwa vya Karibi alifikishwa Virginia, ambako alinunuliwa na Michael Henry Pascal, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Pascal ndiye aliyempa jina la Gustavus Vassa, jina la mfalme wa Uswidi wa karne ya 16. Kijana alilikataa jina hilo mwanzoni, akapigwa mpaka akalikubali. Ndilo jina alilolitumia katika shughuli zake nyingi hadi kufa.

Miaka iliyofuata aliitumia melini, wakati wa Vita vya Miaka Saba. Alikuwako Louisbourg mwaka 1758. Tarehe 9 Februari 1759 alibatizwa katika kanisa la Mtakatifu Margaret, Westminster, mjini London. Alijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa msaada wa mabaharia na watu wa hisani waliompenda. Kwa kuwa alitumika vitani kama mabaharia wengine, aliamini kwamba vita vikiisha atakuwa huru na atapata sehemu yake ya ngawira. Mwishoni mwa mwaka 1762 Pascal alimwuza ghafla kwa nahodha aliyekuwa akielekea Karibi, bila kumpa ujira wala fungu lake. Hakuwa na hati yoyote ya kuonyesha. Tukio hilo lilimfundisha tofauti kati ya tumaini na maandishi, na funzo hilo lilijitokeza katika kila jambo kubwa alilolifanya baadaye.

3.0 Ununuzi wa Uhuru

Katika kisiwa cha Montserrat, mwaka 1763, Equiano aliangukia mikononi mwa Robert King, mfanyabiashara wa Philadelphia aliyekuwa mfuasi wa madhehebu ya Marafiki. King alimtumia kama karani na baharia katika vyombo vyake vilivyosafiri baina ya visiwa na pwani ya Amerika. Hapo ndipo Equiano alipoanza biashara yake ndogo. Mtaji wake wa kwanza ulikuwa peni 3. Alinunua bilauri moja katika kisiwa kimoja, akaiuza katika kingine kwa faida, akanunua mbili. Akaendelea hivyo, safari baada ya safari, huku mara nyingine akinyang'anywa bidhaa zake na watu weupe ambao hakuwa na mahakama ya kuwashtaki.

King alikuwa ameahidi kwamba akileta bei aliyonunuliwa, yaani pauni 40, atamwacha huru. Equiano alipozileta, bwana wake alisita, kwani hakutarajia kwamba fedha hizo zingepatikana upesi hivyo. Nahodha wa chombo alimkumbusha ahadi yake, naye akaitimiza. Hati ya uhuru iliandikwa tarehe 10 Julai 1766. Miaka 23 baadaye Equiano aliichapisha hati hiyo nzima ndani ya kitabu chake, kama mtu anayeweka stakabadhi mahali ambapo kila mmoja ataiona.

4.0 Kutoka Ubaharia hadi Uandishi

Mtu huru alirudi London mwaka 1767. Alijifunza kazi ya kutengeneza nywele, lakini ujira wa nchi kavu haukumtosha, akarudi baharini. Alisafiri Mediterania na Karibi. Mwaka 1773 alikuwamo katika msafara wa Constantine Phipps uliotafuta njia ya bahari kupitia kaskazini, ukakwama katika barafu. Mwaka 1774 alipitia badiliko kubwa la kiroho, akawa Mkristo wa mwelekeo wa uamsho uliokuwa ukienea wakati huo. Uhusiano wake na waumini wa mwelekeo huo ulikuja kuwa na faida kubwa alipohitaji wachangiaji.

Mwaka 1783 alifikisha kwa Granville Sharp, mpiganiaji wa haki za watumwa, habari za meli iliyoitwa Zong. Mnamo mwaka 1781 mabaharia wa meli hiyo waliwatosa baharini Waafrika zaidi ya 130 wakiwa hai, na wenye meli wakadai bima kana kwamba ni mizigo iliyopotea. Equiano hakuwa mwanasheria wala mbunge. Alichokuwa nacho ni habari na ujuzi wa nani apelekewe.

Mwishoni mwa mwaka 1786 serikali ilimteua kuwa msimamizi wa vyakula na vifaa vya msafara wa kuwapeleka watu weusi maskini wa London kwenda kuishi Sierra Leone. Aliona vifaa vilivyolipiwa havipo, akalalamika. Machi 1787 aliachishwa kazi, na magazeti yakamsema vibaya. Alipeleka madai yake kwa maandishi, na hatimaye akalipwa pauni 50. Kuanzia hapo aliandika barua nyingi magazetini, akashirikiana na Ottobah Cugoano na Waafrika wengine wa London waliojiita Wana wa Afrika. Machi 1788 alipeleka maombi kwa Malkia Charlotte kwa niaba ya Waafrika waliokuwa utumwani. Jina lake lilikuwa limekwisha kujulikana kwa watu wa tabaka mbalimbali kabla mswada wake haujafika kwa mchapaji.

5.0 Daftari la Wachangiaji

Njia ya kawaida ya uchapishaji London wakati huo ilikuwa mwandishi kumwuzia muuza vitabu mswada wake pamoja na hakimiliki. Mwandishi alipokea fedha mara moja, na faida yote ya baadaye ikawa ya mnunuzi. Sheria ya mwaka 1710 ilikuwa imempa mwandishi haki ya kumiliki kazi yake kwa miaka 14, na miaka 14 mingine akiwa bado hai. Lakini haki hiyo haikumfaa mtu aliyelazimika kuiuza ili apate kula.

Njia ya pili ilikuwa ya wachangiaji. Mwandishi alitangaza kusudio lake, akataja ukubwa wa kitabu na bei, akakusanya majina na malipo ya awali. Fedha hizo zilisaidia kulipia karatasi na uchapaji. Kitabu kilipotoka, kila mchangiaji alipata nakala yake, na jina lake likachapwa katika orodha ndani ya kitabu. Njia hii ilikuwa imewahi kutumiwa na waandishi weusi kwa matokeo tofauti. Mwaka 1772 mshairi Phillis Wheatley, aliyekuwa mtumwa mjini Boston, alitangaziwa mpango wa kupata wachangiaji 300. Idadi hiyo haikupatikana, na kitabu chake kikachapishwa London mwaka 1773 kwa msaada wa watu wenye vyeo. Barua za Ignatius Sancho zilichapishwa mwaka 1782, baada ya kifo chake, kwa michango ya watu zaidi ya 1,000. Kwa hiyo Equiano alijua kwamba daftari huweza kujaa, na huweza pia kubaki tupu.

Alianza kukusanya majina mwishoni mwa mwaka 1788. Kitabu kilikuwa cha juzuu mbili kwa bei ya shilingi 7, nusu ikilipwa wakati wa kujiandikisha na nusu wakati wa kupokea. Toleo la kwanza, la mwaka 1789, lina majina 311. Kama kila mmoja wa hao aliagiza nakala moja tu na akalipa nusu yake mapema, fedha iliyopatikana kabla ya kitabu kutoka ilizidi kidogo pauni 54. Mtu aliyenunua mwili wake kwa pauni 40 za biashara ya bilauri alikuwa sasa amekabidhiwa fedha nyingi kuliko hizo na watu waliokuwa bado hawajasoma ukurasa hata mmoja.

Majina yenyewe yanastahili kutazamwa. Anaongoza mrithi wa ufalme, akifuatiwa na ndugu yake, Mtawala wa York. Wamo watu wa ukoo wa kifalme na makabaila, viongozi wa dini, wafanyabiashara, na wanawake wasomi kama Hannah More. Wamo Sharp na Thomas Clarkson, wapinzani wakuu wa biashara ya utumwa. Yumo Josiah Wedgwood, mwenye kiwanda cha vyombo vya udongo. Wamo pia Waafrika: Cugoano yumo, na mtoto wa Sancho yumo. Orodha ilipangwa kwa alfabeti, isipokuwa watu wa ukoo wa kifalme waliotangulizwa. Mtu aliyewahi kuwa mtumwa alisimama katika ukurasa mmoja na mabwana wakubwa wa nchi. Katika muktadha wa mwaka 1789, ambapo Bunge lilijadili biashara ya utumwa mwezi Mei, orodha hiyo haikuwa risiti tu ya malipo. Ilikuwa pia hoja ya kisiasa, kwani kila mchangiaji aliweka jina lake hadharani upande wa mwandishi.

Hatua nyingine ilikuwa na uzito uleule. Tarehe 24 Machi 1789 Equiano aliandikisha kitabu katika ofisi ya chama cha wachapaji wa London kwa jina lake mwenyewe. Ukurasa wa jina ulitamka kwamba kitabu kimechapwa kwa ajili ya mwandishi na kinauzwa naye. Wauza vitabu waliokiweka dukani walikuwa mawakala wake. Mtu aliyewahi kuuzwa hakukubali kuiuza hadithi yake.

6.0 Safari na Shutuma

Kumiliki kitabu kulimaanisha pia kukibeba. Kati ya mwaka 1789 na 1794 Equiano alizunguka Uingereza, Uskoti na Ireland akihutubia, akiuza nakala na kuandikisha wachangiaji wapya kwa ajili ya matoleo yaliyofuata. Alikwenda na barua za utambulisho. Aliyempokea katika mji mmoja alimwandikia rafiki wa mji wa mbele. Huko Ireland, alikokaa miezi minane hivi kuanzia Mei 1791, aliuza nakala 1,900. Matoleo mengine yalichapwa katika miji aliyoitembelea: Dublin mwaka 1791, Edinburgh mwaka 1792, Norwich mwaka 1794. Kwa jumla yalitoka matoleo 9 katika uhai wake, na orodha ya wachangiaji ikakua toleo baada ya toleo hadi kukaribia majina 900.

Mipaka ya haki yake ilionekana nje ya Uingereza. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kiholanzi mwaka 1790, Kijerumani mwaka 1792 na Kirusi mwaka 1794. Mwaka 1791 kilichapwa New York bila idhini yake. Sheria ya London haikuvuka bahari kwa wepesi ambao Equiano mwenyewe alivushwa.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja Aprili 1792. Tarehe 7 ya mwezi huo alimwoa Susanna Cullen, Mwingereza wa Soham, katika jimbo la Cambridge. Kabla mwezi haujaisha magazeti mawili ya London yalidai kwamba hakuzaliwa Afrika, bali katika kisiwa cha Karibi kilichokuwa chini ya Wadenmarki. Wakati huo Bunge lilikuwa limepelekewa maombi zaidi ya 500 dhidi ya biashara ya utumwa, na wenye mashamba ya miwa walihitaji kumvunjia heshima shahidi mashuhuri. Kwa mwandishi aliyeuza mswada wake, shutuma kama hizo zingekuwa hasara ya muuza vitabu. Kwa Equiano zilikuwa hasara yake, na zaidi ya hapo, deni kwa kila aliyeandikisha jina lake. Alijibu katika matoleo yaliyofuata kwa kutanguliza barua kwa wasomaji na ushuhuda wa watu waliomfahamu tangu alipofika Uingereza akiwa mtoto asiyejua Kiingereza. Baadhi ya wahariri waliochapisha madai hayo walirudi nyuma.

Suala hilo limeibuka upya katika taaluma. Mwaka 1999 mtafiti Vincent Carretta alitangaza kwamba kumbukumbu ya ubatizo ya mwaka 1759 na orodha ya mabaharia ya mwaka 1773 zinataja Carolina kuwa mahali alipozaliwa. Wataalamu wengine, akiwamo mwanahistoria Paul Lovejoy, wameshikilia kwamba maelezo ya mwandishi kuhusu utoto wa Kiigbo yanaaminika, na kwamba mtoto mtumwa hakuwa na uwezo wa kusimamia kilichoandikwa juu yake na wakubwa. Mjadala haujafungwa. Kwa lengo la makala haya, jambo la kuzingatia ni kwamba tangu siku ya kwanza uhai wa kitabu ulitegemea imani ya wachangiaji kwa mtu mmoja, na maadui zake walijua wapi pa kupiga.

7.0 Miaka ya Mwisho

Equiano na Susanna walijaliwa mabinti wawili, Anna Maria mwaka 1793 na Joanna mwaka 1795. Susanna alifariki Februari 1796. Equiano aliandika wasia wake mwaka huohuo, na tarehe 31 Machi 1797 akafariki London. Anna Maria alimfuata baba yake miezi michache baadaye, akiwa na umri wa miaka mitatu. Mwaka 1816 Joanna alipofikisha miaka 21 alikabidhiwa urithi wa pauni 950. Waandishi wachache wa London wa wakati ule, weusi au weupe, waliacha kiasi hicho. Biashara ya utumwa ilipigwa marufuku na Bunge la Uingereza mwaka 1807, miaka kumi baada ya kifo chake.

Baada ya mwandishi kufa, kitabu kilikosa mbebaji. Kiliendelea kuchapwa hapa na pale katika karne ya 19, kisha kikasahauliwa na wengi. Mwaka 1967 Paul Edwards alikitoa kwa ufupisho katika mfululizo wa waandishi wa Afrika wa Heinemann, na kwa njia hiyo kikarudi mikononi mwa wasomaji wa bara ambalo mwandishi alilitaja kuwa lake.

8.0 Hitimisho

Maisha haya hayatoi ushahidi kwamba michango inaweza kuchukua nafasi ya wachapishaji. Equiano alikuwa na sifa ambazo waandishi wengi hawana: alijulikana kabla ya kuandika, alikuwa na vikundi vya dini na vya siasa vilivyomwunga mkono, na alikuwa na nguvu za kutembea miaka mitano na kitabu mkononi. Mwandishi mpole anayeishi mbali na mji asingeweza kufanya hivyo. Hata Wheatley, kwa kipaji chake chote, hakupata wachangiaji 300 katika mji aliokuwa akiishi.

Ila upande wa pili nao una gharama zake, na historia ya Kiswahili inazijua. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata mchapishaji. Baada ya miaka mingi aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980 na kupigwa chapa China. Kitereza alifariki mwaka 1981, nakala zikiwa hazijamfikia. Mswada wake ulingoja miaka 35. Mswada wa Equiano ulingoja miezi michache, kwa sababu gharama yake iligawanywa kwa watu 311 badala ya kusubiri uamuzi wa mmoja.

Mambo matatu katika maisha ya Equiano yanaweza kuchukuliwa na mwandishi wa leo pasipo kuhitaji umaarufu wake. La kwanza ni kuandika ahadi na malipo, kwa kuwa tumaini lisilo na hati lilikwisha kumponza. La pili ni kubaki na hakimiliki, hata pale mwandishi anapohitaji fedha za haraka. La tatu ni kuyachapa majina ya wachangiaji ndani ya kitabu, ili kila mmoja ajue kwamba ana sehemu katika kazi hiyo na mwandishi ajue anawajibika kwa nani. Kamati za Njoro zinafanya la kwanza kila mwezi, na shughuli ikiisha mweka hazina husimama mbele ya wenzake akasoma mapato na matumizi. Utaratibu upo, na watu wanaouamini wapo. Kilichobaki ni kwa mwandishi kuuingiza mswada wake katika daftari hilo.